Kabaila wa Ghorofa ya Tisa

Bibi Jirani hakupenda watu wanaogonga mlango taratibu. Alisema wanaogonga hivyo ni wa aina mbili tu: mwizi anayepima kama kuna mtu ndani, na ndugu wa mbali aliyekuja kuomba. Kwa hiyo mlango wake, hatua sita kutoka kwetu, mimi nilikuwa nauchapa kama ngoma ya harusi, naye anajibu kutoka jikoni, "Ingia, mchokozi." Siku moja aliyegonga kwa nguvu alikuwa fundi wa mabomba. Naye aliitwa mchokozi, naye akaingia.

Huyu ndiye mtu ambaye nilimharibia historia ya ukoo wake. Miaka mia nne ya mabwana wenye mapanga na farasi, nikaivuruga mimi, kwa vidole viwili, saa kumi alasiri, kwa sababu nilikuwa na njaa na mababu zake walikuwa wamenichosha. Nitafika huko. Kwanza mumjue, maana bila kumjua mnaweza kunionea huruma, na sistahili.

Tulipohamia jengo hili la Mount Dennis nilikuwa na miaka tisa, na Mama alikuwa na ugonjwa walio nao Waswahili wote wa Toronto: anaamini lifti ni chumba chake cha faragha. Akishaingia anasema lolote kwa Kiswahili mbele ya yeyote. Wiki ya kwanza tuliingia na bibi mmoja wa Kizungu, mwembamba, amenyooka kama ufagio, na kichwani ana kofia ya sufu ya kijivu. Mama akaangalia namba za ghorofa, akasema bila hata kushusha sauti, "Kofia gani hii, si bora angevaa kifuniko cha sufuria." Mimi nikacheka. Bibi hakugeuka. Lifti ilipofunguka ghorofa ya tisa akatoka, kisha akasema, "Kifuniko kinabaki na joto. Nyinyi masikio yataganda, shauri yenu."

Mama hakuzungumza tena ndani ya lifti kwa mwezi mzima. Jumapili iliyofuata alipika chapati kumi na mbili, akanituma nizipeleke. Hapo ndipo ujirani ulipoanza, kwa aibu na mafuta ya kupikia.

Kiswahili cha Bibi Jirani kilikuwa cha mtoto wa miaka kumi, na hakikukua hata siku moja. Wakati wa vita vikuu askari wa Urusi waliwapakia wao, yeye na mama yake, kwenye treni ya mizigo kutoka kwao Polandi mpaka Siberia. Baadaye wakaachiwa, wakapitia Uajemi, wakapanda meli, na mwisho wakajikuta Tengeru, karibu na Arusha, Wapolandi maelfu kwa maelfu katika nyumba za duara zilizoezekwa nyasi. Hapo ndipo alipocheza, akaanguka kwenye miti, akagombana. Mama yangu ni wa Moshi, kwa hiyo walipokutana kwa amani kwa mara ya kwanza walikaa saa tatu wakibishana kama mlima unaonekana vizuri zaidi kutoka kwa nani.

Alijua maneno yote ya kuchokozana na hakujua hata moja la ofisini. Alijua panzi, mwiba, tope, jongoo, "umeniibia zamu yangu." Barua ya bima ikija aliishika kwa ncha ya vidole, akaniuliza, "Hawa wanataka nini?" Nilipomkera hakusema nina utovu wa adabu. Alisema, "Nitakusemea kwa mama." Na alinisemea kweli, siku hiyohiyo, mtu wa karibu miaka tisini, amesimama mlangoni kwetu na kidole amekinyoosha.

Halafu mtu huyohuyo alikuwa kabaila.

Neno hilo alilitoa Mama. Alisoma Tanzania enzi za somo la siasa, ambako kabaila alikuwa mtu wa kupigwa vita ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Bibi Jirani alipotueleza kwamba ukoo wake ulikuwa wa mabwana wa zamani wa Polandi, wenye vijiji vitatu, nembo yao na upanga wao, Mama aliweka kikombe chini taratibu. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Unajua ninampelekea nani chapati? Mwalimu wangu wa siasa akisikia, ananifutia cheti." Wiki iliyofuata akapeleka tena, na maharage juu.

Lakini ukabaila wenyewe, kwa jinsi Bibi Jirani alivyousimulia, haukuwa wa kutisha. Vijiji vitatu hivyo viligawanywa kwa watoto, na wajukuu, mpaka ikafika mahali babu mmoja anamiliki nusu ya shamba na robo ya ng'ombe. Walikuwa wanalima wenyewe, miguu peku, lakini upanga uko kiunoni, ili anayepita njiani asije akadhani anamwona mkulima. "Upanga unagonga jembe," alisema, "jembe linagonga upanga. Kelele tu. Lakini bwana."

Pete ya muhuri ya ukoo aliivaa kila siku. Ina nusu mwezi juu ya mshale. Mama yake aliificha ndani ya kipande cha sabuni kutoka kwao hadi Siberia, na hakuna askari aliyeipata, kwa sababu, alisema, askari wale hawakuwa na haja na sabuni. Ni kitu cha kuwekwa kabatini, ndani ya kioo. Yeye alibania nayo sambusa. Alikuwa na sambusa za kwao, zenye viazi na jibini ndani, hazikaangwi bali zinachemshwa, jambo ambalo mimi na Mama tuliliona kama msiba lakini tulikula. Kingo zake alizibana kwa ile pete, moja moja, mwezi na mshale, mwezi na mshale. Mimi nimekula nembo ya ukoo ule pengine mara elfu.

Kwenye meza yake palikuwa na sahani moja ya ziada, tupu, yenye uma na kisu. Kwao huwekwa mkesha wa Krismasi tu, kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa. Yeye aliiweka kila siku, kwa sababu alisema mgeni asiyetarajiwa hasomi kalenda. Mara nyingi mgeni huyo alikuwa mimi, na nilikuwa nimetarajiwa kabisa, lakini hakuwahi kuniwekea sahani yangu mwenyewe. Ilikuwa lazima nikae pale kama mtu aliyetokea porini.

Huyo ndiye aliyekuwa na adabu za kifalme. Hakai mpaka mgeni akae. Alimpa Mama mkono wa kubusiwa, Mama akampa shikamoo, wakabaki wanatazamana. Na huyohuyo alikuwa anaiba kwenye karata bila haya. Nilimkamata na mzungu wa nne, ile karata ya mfalme, ndani ya mkono wa sweta. Hakukana. Alisema, "Ulichelewa kuona," akaendelea kugawa.

Hadithi yake niliyoipenda kuliko zote ni ya bunge. Zamani huko Polandi bunge lilikuwa la makabaila watupu, na mmoja tu akisimama akasema "sikubali", basi, kikao kimevunjika, kila mtu apande farasi arudi kwao. Babu yake mmoja alilivunja hivyo kwa sababu kikao kilikuwa kimepita saa ya chakula, ingawa alifika kwake akakuta kimeliwa. Mimi nilidhani ni chumvi tupu, mpaka nilipoitafuta kwenye mtandao nikakuta kanuni hiyo ilikuwepo kweli, ingawa kuhusu chakula cha babu hakuna lililoandikwa.

Kisha ukaja mkutano wa wapangaji, pale chini kwenye ukumbi wa kuingilia. Msimamizi wa jengo alieleza kwamba lifti itazimwa wiki sita, katikati ya baridi, na anaomba tuvumilie. Watu wakaguna. Bibi Jirani akasimama, kofia yake kichwani, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuita ng'ombe, "Sikubali."

Msimamizi akamgeukia Mama. "Amesema nini?"

Mama alikuwa ameuma midomo asicheke. "Amesema mkutano umevunjika."

Sijui kama ni baridi au ni ile kofia, lakini watu waliinuka kweli, wakaondoka. Lifti ikatengenezwa mwezi wa tano.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Huku Ontario humalizi sekondari bila saa arobaini za kujitolea. Wenzangu walikwenda kupanga makopo kwenye benki za chakula zinazogawia maskini. Mimi nilimwambia Bibi Jirani, "Nikuandikie kitabu cha ukoo wako, unisainie saa." Nilisema kwa utani. Yeye hakucheka. Alikwenda chumbani akarudi na karatasi moja iliyokunjwa mpaka mikunjo imechanika, ina mti wa ukoo kwa wino wa kahawia. Ndiyo iliyobaki. Mama yake aliishonea ndani ya koti. Bibi Jirani hakuwa na mtoto. Kule Krakow, Polandi, alikuwepo mjukuu wa binamu yake, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, hawajawahi kuonana, ambaye alikuwa anamwandikia kila mwaka akiuliza kilichojulikana kuhusu ukoo. "Nikifa," alisema, "hii karatasi inakuwa ya kufungia samaki. Andika."

Nikaandika, kwa Kiingereza ili yule ndugu asome. Yeye alisimulia kwa lugha tatu, mimi nikachapa. Mwezi wa kwanza ulikuwa mtamu. Mwezi wa pili tukaingia kwa mababu wa katikati, na hao, jamani, wote wanaitwa Stanisław au Kazimierz, wote wanakufa vitani, wote kwa upanga, mmoja upande wa mashariki, mwingine upande wa magharibi. Siku hiyo nilitoka shule sijala. Yeye alikuwa jikoni anabana sambusa, harufu ya vitunguu inanifikia pale mezani, na mimi niko kwa Kazimierz wa tatu au wa nne anayejiandaa kufa. Nikachapa hivi:

"Kazimierz Mdogo, mwana wa mwisho, hakufika vitani. Njiani aliona bata bukini mnono, akashuka kwenye farasi, akamkimbiza mpaka jua likazama. Vita vilipiganwa bila yeye. Bata alikuwa mtamu."

Nilicheka peke yangu. Nikasema nitaifuta baada ya kula. Nikala sambusa ishirini, na hapo ndipo akili yangu iliponitoka.

Macho yake yalikuwa dhaifu, kwa hiyo kila tulipomaliza sura nilimsomea kwa sauti. Nilipofika kwa bata niliruka, kimya, kama dereva anayekwepa shimo, nikajiambia tena nitafuta. Kisha ukaja wakati wa mitihani. Siku niliyorudi, flashi niliyohifadhia kitabu haikuwepo mezani. Bibi Jirani alikuwa ameipeleka maktaba mwenyewe, kwa basi la Weston Road, akachapisha nakala mbili, zikabanwa kwa jalada la bluu. Moja aliweka chini ya mto. Nyingine ilikuwa tayari imepanda ndege kwenda Krakow.

Niliomba ipotee njiani. Haikupotea.

Barua ya yule ndugu ilikuja mwezi wa kwanza wa mwaka mpya, na Bibi Jirani alinipa mimi niisome kwa sauti. Alishukuru. Alisema amelia. Halafu akasema kilichomgusa zaidi ya vyote ni Kazimierz Mdogo. Kwamba kwenye nyumba ya zamani ya ukoo, ambayo siku hizi ni zahanati ya wanyama, juu ya mlango kuna ndege aliyechongwa kwenye jiwe, amechakaa sana, na miaka yote familia ilikuwa inasema ni tai. "Nilikwenda Jumamosi kumtazama tena," aliandika. "Shingo ni ndefu mno. Sasa naona wazi kuwa ni bata bukini." Ameshamwandikia mtu wa makumbusho. Na mwezi wa nne angekuja Toronto, ampigie magoti mzee wa ukoo na kumuuliza mengine.

Nilisoma yote hayo na sauti yangu haikutetemeka. Sijui niliwezaje. Bibi Jirani alisikiliza macho yamefumba, kisha akasema, "Vizuri. Soma tena pale pa ndege."

Nilipaswa kusema siku ile. Nilisema nina kazi ya hesabu, nikaondoka. Wiki nzima nikawa nagonga taratibu, kama mwizi, mpaka akauliza kama naumwa mkono. Kisha mwezi wa pili akateleza kwenye barafu mbele ya jengo, nyonga ikavunjika.

Sina mzaha kuhusu siku zile. Mama ni muuguzi, alikuwa anapita wodini kwake baada ya zamu, mimi nikimsubiri nyumbani kama anayesubiri matokeo. Nilikuwa nawaza jambo moja: akiondoka sasa, kitu cha mwisho kilichoandikwa kuhusu watu wake, waliobebwa ndani ya koti kutoka Siberia mpaka Tengeru mpaka hapa, kitakuwa uongo wa mtoto aliyekuwa anataka sambusa. Siku ya nne nilimwambia Mama yote. Alinisikiliza, akavua viatu, akakaa.

"Umemwekea bata kwenye ukoo."

"Ndiyo, Mama."

"Na Wazungu wameita makumbusho."

"Ndiyo."

Mabega yake yalikuwa yanatikisika, lakini alipoinua uso alikuwa ameukaza. "Utakwenda kumwambia mwenyewe. Mimi siendi na wewe." Kisha akaongeza, akielekea jikoni, "Upasuaji umekwenda vizuri. Leo amemgombeza daktari."

Nilikwenda mwezi wa nne, siku moja kabla ya ndugu kufika. Alikuwa amehamishiwa nyumba ya wazee karibu na Roncesvalles, mtaa wa Wapolandi, ambako harufu ya soseji inaingia mpaka vyumbani. Niligonga kwa nguvu zangu zote. Mhudumu aliyekuwa anapita na sinia alishtuka.

"Ingia, mchokozi."

Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, kofia kichwani, na magotini ana kile kitabu cha bluu. Amekonda. Pete ilikuwa imefungwa uzi kwa ndani ili isidondoke. Nikakaa kitandani. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima kwenye basi, yenye mwanzo na mwisho. Kilichotoka ni, "Bibi, Kazimierz wa bata hayupo. Nilimtunga mimi. Nilikuwa na njaa."

Alichukua kutoka mezani kioo cha kukuzia, kikubwa kama sahani, akakiweka juu ya kitabu.

"Hiki unadhani cha nini? Cha kutazama mchwa?"

"Ulisoma?"

"Kabla ya kupeleka maktaba. Yote. Una makosa mengi kwa Stanisław."

"Sasa kwa nini ulituma?"

Akatazama nje kidogo. Kisha akanieleza jambo ambalo halimo kitabuni. Kwamba ile karatasi ya wino wa kahawia si kongwe kama inavyojidai. Urusi ilipoichukua sehemu yao ya Polandi, serikali ikataka kila bwana alete ushahidi kuwa ni bwana, la sivyo aandikwe mkulima. Babu wa babu yake hakuwa na ushahidi wowote, panya walikuwa wameula. Akaenda mjini kwa fundi wa kutengeneza mababu. Akarudi na maaskofu wawili na shujaa mmoja wa farasi.

"Maaskofu wawili wa uongo?"

"Wazuri sana. Na shujaa." Akanyanyua vidole vitatu. "Hao watatu wamekaa kitabuni, hukuwauliza. Umeogopa bata."

Nilianza kucheka, na nilipoanza sikuweza kuacha, kama mtu aliyeteremshwa mzigo kichwani ghafla na shingo inajinyoosha yenyewe. Yeye alinisubiri.

"Kule kwenye theluji," alisema, "tulikuwa hatuna chakula. Mama usiku ananihesabia mababu ili nilale. Stanisław, Kazimierz, Stanisław. Huyu amekufa kwa upanga, huyu amekufa kwa upanga. Mimi tumbo linalia. Namuuliza, Mama, hakuna hata mmoja aliyekula?" Akakipapasa kitabu. "Hakuna. Miaka themanini natafuta mmoja aliyekula. Halafu wewe, mchokozi, unamleta, na unaruka ukurasa usinisomee."

Nilitazama miguu yangu.

"Na yule ndugu kesho?" nikauliza. "Na makumbusho?"

"Kesho nitamwambia yote. Askofu, shujaa, bata wa Weston Road. Ni mtu mzima, atachagua." Akafikiri. "Lakini ndege wa mlangoni amwache alivyo. Mimi pia nilimwona nikiwa mdogo. Shingo ndefu."

Nikamwambia nikifika nyumbani nitafuta yale maneno, nichapishe upya, safi. Alinitazama kama alivyonitazama siku nilipomkamata na karata, kisha akanisukumia kitabu, na kalamu juu yake.

"Hufuti kitu. Kaa vizuri, andika." Akafumba macho. "Mpe Kazimierz mke. Anayejua kupika."